Kiwango Hakina Shemeji

Mhasibu wetu hakunywa soda ya mtu. Ungemkaribisha dukani kwako pale Migori mjini, jua likiwa kali na shati limemganda mgongoni, naye angeinua kiganja kama askari wa barabarani na kusema, "Nashukuru sana, lakini nitapoteza uhuru wangu." Wenye maduka walimshangaa. Mmoja alimwambia uhuru ulishapatikana siku nyingi, anywe tu. Mhasibu hakucheka. Alitoa chupa yake ya maji mfukoni, akanywa maji ya moto, akaondoka na kiu yake.

Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi katika kampuni ya ng'ombe na maziwa. Kwao na ukoo wake sitaeleza, kwa sababu yeye mwenyewe hakueleza. Mtu akimwuliza anatoka wapi, alijibu kwamba anatoka katika Viwango. Alikuwa na maana ya viwango vya kimataifa vya uhasibu, yale masharti yanayotaka kampuni ya Migori na kampuni ya Uholanzi ziandike hesabu zao kwa namna moja, ili mtu wa mbali azisome bila kuuliza maswali. Kitabu chake cha Viwango alikifunika kwa nailoni, na siku za mvua kitabu ndicho kilichopewa mwavuli. Kidholuo alikijua vizuri, lakini ofisini alikizungumza kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Mimi hakuwahi kuniita kwa jina. Niliitwa Msaidizi, hata tulipokutana sokoni nikiwa na mchicha mkononi.

Chakula chake cha mchana kilikuwa omena baridi, wale dagaa wa ziwani, ndani ya mkebe, na alikila mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Wafanyakazi walisema ni mchoyo. Mimi nilikuja kuelewa kwamba hakuwa mchoyo hata kidogo. Kwetu mtu akikukuta unakula, lazima umkaribishe, na ukimkaribisha leo, kesho naye atakukaribisha, na kesho kutwa utakuwa unakagua risiti za mtu ambaye umekula kwake. Mhasibu aliliona jambo hilo lote kuanzia kwenye omena wa kwanza, akafunga mlango.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Kiwango hakina shemeji." Aliusema mara ya kwanza kwa sababu ya chumvi ya ng'ombe. Mwenye kutuuzia chumvi alikuwa kaka wa mke wa Mwenyekiti, na Viwango vinataka kampuni itaje wazi biashara inayofanya na jamaa za wakurugenzi. Mhasibu akamwomba Mwenyekiti ataje jamaa zake. Mwenyekiti ndiye aliyeianzisha kampuni, mzee mpole, mwenye kicheko cha chini chini na kofia ambayo hakuivua hata mbele ya mkuu wa wilaya. Aliomba muda wa kufikiri. Siku iliyofuata akaja, akaketi, akaanza kutaja. Alitaja mpaka chai ikapoa. Alitaja watu wa Kehancha kwa Wakuria na watu wa ziwani kwa Wajaluo, waliokuwa hai na wale ambao watoto wao walikuwa hai.

"Mzee, inatosha," Mhasibu akasema. "Kiwango kinataka mke, watoto, wale unaowalea, na jamaa wa karibu wenye biashara nasi. Basi."

"Na huyu kijana ya ndugu ya mama mdogo yangu, ile nililipia karo mpaka akamaliza? Unataka nimkane juu Wazungu hawamjui?"

"Humkani. Simwandiki tu."

"Kumwacha ndiyo kumkana. Andika."

Mhasibu aliandika. Mwaka huo sehemu ya jamaa katika hesabu zetu ilikuwa ndefu kuliko sehemu ya ng'ombe, na odita aliyekuja kuzikagua alisoma kurasa zile akifuta machozi ya kicheko. Mhasibu alikasirika kwa wiki nzima. Lakini ukweli ni kwamba Mwenyekiti hakuwa amedanganya hata neno moja.

Walivutana pia juu ya faida. Viwango vinasema mnyama aliye hai aandikwe kwa bei ambayo angeuzwa sokoni siku ya kufunga hesabu. Akinenepa, ile tofauti ni faida, hata kama hujamuuza. Ndama akizaliwa, faida imezaliwa. Mwenyekiti alisikiliza maelezo hayo kwa heshima kubwa.

"Sasa hiyo faida iko wapi?"

"Iko kwenye ng'ombe, Mzee."

"Na ng'ombe iko wapi?"

"Malishoni."

"Basi faida iko malishoni. Iache huko huko ikule nyasi. Ukileta kwa karatasi, mashemeji yangu yote yamesoma."

Hakuwa anatania. Mwaka tulipoandika faida kwa mara ya kwanza, kabla wino haujakauka, nyumbani kwake kulikuwa na foleni ya watu wenye barua za shule, picha za meno yaliyooza na mipango ya harusi. Kuficha kidogo, kwetu, si wizi. Ni namna ya kubaki na amani na watu unaowapenda. Mhasibu hakulikubali hilo, ila nilimwona mara moja akichungulia foleni ile kupitia dirisha la gari mpaka ikapotea nyuma yetu.

Ng'ombe nao hawahesabiwi kwa kunyooshewa kidole. Hilo Wakuria na Wajaluo wanakubaliana, na mambo wanayokubaliana si mengi. Mhasibu alipoonywa, alinunua peni ndefu na kuhesabu kwa peni. "Peni si kidole," akasema, akiwa amejisifu moyoni kwa kuheshimu mila.

Kisha kulikuwa na lile swali la kila mwaka, ambalo Viwango vinalilazimisha: je, kampuni itaendelea kuwepo? Mwenyekiti alijibu, "Mungu akipenda." Mhasibu akasema hilo si jibu la kihasibu. Mwaka mmoja akasogeza swali mbele zaidi, akataka kujua kampuni itakuwaje endapo Mwenyekiti hatakuwepo. Aliuliza taratibu kabisa, akiwa na peni mkononi. Bahati mbaya mke wa Mwenyekiti alikuwa nje ya mlango, amemletea mumewe dawa ya presha. Kwetu hutengenezi jeneza la mtu anayetembea, na hutaji msiba ambao haujapiga hodi. Mama wa watu akaona basi umeshapiga, akaweka dawa chini akakimbilia simu. Kufikia alasiri wana wao walikuwa njiani kutoka mbali, kanisa lilikuwa limetuma kwaya, na majirani walikuwa wanapanga viti. Mwenyekiti alifika kwake jioni akawakuta waombolezaji langoni. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akawauliza nani amefariki.

Nisije nikakufanya udhani alikuwa jiwe. Mama yangu alipofariki kule kwetu Kisegi, kando ya ziwa, Mhasibu alikuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa na tai yake. Nyama hakula, wali hakula, kwa sababu mimi nilikuwa chini yake kazini na ingeonekana vibaya. Lakini maji yalipokwisha, nilimwona akishuka ziwani na akina mama, akarudi amebeba madumu mawili, tai imerushwa begani. Alishuka tena, akapanda tena, mpaka mapipa yakajaa. Nilimpenda siku hiyo, na sijaacha. Na kituko kingine: mtu huyu aliyehesabu kila kitu, ukimwuliza ana watoto wangapi, alikujibu, "Wapo." Sikuwahi kupata jibu jingine.

Sasa nieleze jambo lililotufanya nusura tufunge kampuni.

Maziwa yetu ya jioni yalikuwa yanaharibika. Hatukuwa na mtambo wa kuyapoza, na kampuni haiwezi kuishi kwa maziwa ya asubuhi peke yake. Shirika moja la ng'ambo likakubali kutujengea mtambo, kwa sharti moja: hesabu zetu ziandikwe kwa Viwango na zitiwe sahihi na odita wa nje. Mwenyekiti alikubali kama mtu anavyokubali sindano. Sahihi isipopatikana, hakuna mtambo, na bila mtambo sote tungerudi kwetu kulima.

Odita akaja, si yule wa machozi ya kicheko bali kijana wa Nairobi mwenye viatu vizuri. Akataka kuwaona ng'ombe. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu ng'ombe wetu hawakuwa mahali pamoja. Mwenyekiti aliijenga kampuni kwa desturi ya zamani ya kuwekesha. Ng'ombe wako unampeleka kwa rafiki wa mbali. Yeye anamchunga na kunywa sehemu ya maziwa, na baada ya muda anapata ndama wake. Ugonjwa ukiingia upande mmoja, upande mwingine unabaki. Na zaidi ya hapo, huku mpakani wizi wa ng'ombe umeacha makaburi mengi. Ng'ombe wa Mkuria akilala zizini kwa Mjaluo, na wa Mjaluo akilala kwa Mkuria, hakuna anayekwenda kuiba, kwani ataiba chake. Kwa hiyo ng'ombe wetu walitapakaa kuanzia Kehancha mpaka kwetu Kisegi, nyumba kwa nyumba.

"Mnajuaje kwamba ni wenu?" odita akauliza.

"Tunajua," Mwenyekiti akasema.

"Nani alitia sahihi?"

"Sahihi ya nini? Tulikula pamoja."

Odita akamgeukia Mhasibu kwa macho ya kuomba msaada. Mhasibu akasimama, akarekebisha tai, akatangaza kwamba atakwenda mwenyewe kila boma, amwone kila ng'ombe kwa macho, na kumwuliza kila mfugaji athibitishe kwa kinywa chake kwamba mnyama ni mali ya kampuni.

Nilimwonya. Nilimwambia kwetu ng'ombe aliyewekeshwa haulizwi. Unafika, unakaa, unakula, unauliza mvua na watoto. Ukikaribia kuondoka, mwenyeji mwenyewe atasema, njoo uone mifugo. Ukitangulia kuuliza, umesema mambo mawili: kwamba umesikia ubaya wa nyumba hiyo, na kwamba umekuja kumchukua ng'ombe wako urafiki uishe. Nilijua kwamba yeye pia anajua, maana alilelewa na watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Msaidizi," akasema, "hayo ni ya mtu. Mimi siendi kama mtu. Nakwenda kama ofisi."

Tukaenda kama ofisi, kwa pikapu ya kampuni. Kehancha tulimkuta mzee mmoja akipanga majani ya tumbaku barazani. Alisimama akatoa kiti chake mwenyewe.

"Karibu, mura," akasema, yaani kijana. "Keti, uji iko motoni."

"Asante, Mzee, sitakaa. Nimekuja kuona ng'ombe wa kampuni."

Mzee akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza kama huyu mgeni ni mgonjwa. Nikatazama tumbaku.

"Ng'ombe ya kampuni."

"Ndiyo. Nathibitisha kama yupo, na kama wewe unakubali kwamba si wako."

Mke wa mzee, aliyekuwa anakuja na kikombe cha uji, alisimama nusu ya njia, akageuka akarudi jikoni.

"Iko," mzee akasema. "Na si yangu. Sawa, tumesikia."

Akatuonyesha. Mhasibu alihesabu kwa peni, akaandika, akashukuru. Ndani ya gari alikuwa na furaha ya mtoto. "Umeona? Ushirikiano wa hali ya juu! Watu hudharau wananchi, lakini ukiwaeleza mambo kitaalamu wanaelewa."

Ilikuwa hivyo kila boma. Hakuna aliyepaza sauti, kwa sababu mgeni hafokewi. Wote walisema sawa, tumesikia. Kisegi tulifika kwa bibi mmoja jirani ya kwetu, ambaye kijiji kizima tunamwita Dani, yaani nyanya. Yeye alikuwa amepika mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, kwa heshima yangu. Mhasibu alipoinua kile kiganja chake, Dani akaninong'oneza.

"Nyathina, mwanangu, huyu mtu yako amekatazwa chakula na daktari?"

"Hapana, Dani. Amekatazwa na Viwango."

"Hiyo ni dini gani?"

Sikuwahi kujibu, maana Mhasibu alikuwa ameshaanza kuuliza habari za ng'ombe. Dani alifuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kwa kidole. "Ni Mwenyekiti amekutuma?" Mhasibu akasema ndiyo. "Mwambie nimesikia."

Jumatatu iliyofuata nilifika kazini nikakuta ng'ombe amefungwa kwenye kitasa cha mlango wa ofisi. Mzee wa Kehancha alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi, vumbi la njia limempanda mpaka nyusi. "Huyu hapa," akasema. "Ya kampuni." Nyuma yake walikuwa wengine, na nyuma ya hao wengine. Kufikia saa nne watu wa upande wa ziwa nao wakaanza kuingia. Ng'ombe walijaa uani, wakala maua ya mhudumu wa mapokezi, wakaingia stoo, na fahali mmoja akasimama katika mlango wa duka la simu la jirani, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Simu zote zililia. Dani alikuja ameketi mbele katika lori la kukodi, mkoba mapajani. Alimrudisha ng'ombe, na akamrudisha hata ndama ambaye kwa desturi alikuwa haki yake. Nilipomwona ndama yule akishushwa, nililia, kazini, mbele ya watu.

Mhasibu alisimama kwenye ngazi akitazama bahari ile ya pembe, na Mungu anisamehe kusema kweli, alikuwa na furaha. "Wote mahali pamoja," akanong'ona, "siku ya kufunga hesabu." Odita akaja na viatu vyake vizuri, akahesabu mara moja tu, akasema hajawahi katika kazi yake kuona ushahidi uliojileta wenyewe kwa miguu. Akatia sahihi. Hesabu zetu zilikuwa safi kuliko za kampuni yoyote ninayoijua.

Kufikia jioni ng'ombe walianza kulia kwa njaa. Kilikuwa kiangazi. Kampuni haikuwa na malisho ya kutosha hata mbuzi, maana malisho yetu yalikuwa ni marafiki. Siku chache baadaye maziwa yakapungua, kisha baadhi ya ng'ombe wakakauka kabisa. Mtambo ungekuja kupoza hewa. Na uvumi ukaanza, kwamba kampuni imevunja undugu wa watu wa Kehancha na watu wa ziwa, kila upande ujilinde. Vijana wakaanza kulala nje na marungu. Hapo niliogopa, na sikuogopea mshahara.

Mwenyekiti aliketi kwenye ngazi ya ofisi, Mhasibu akasimama mbele yake.

"Hesabu iko safi?"

"Ni safi, Mzee."

"Sasa hizi ng'ombe zitakula hesabu?"

Mhasibu alishika tai yake. Ilikuwa imeguguniwa ncha na ndama.

"Wewe umesema kiwango hakina shemeji," Mwenyekiti akaendelea, bila hasira. "Mimi nakubali, huko ilikotoka haikuwa na shemeji. Lakini imekuja kuoa kwetu. Sasa iko nao, tena mingi. Nenda ukawasalimie."

Tulianza na Kehancha. Ndani ya gari Mhasibu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: mtu hula kiasi gani ili ionekane amekula? Nikamwambia mpaka mwenyeji aridhike. Akafungua kitundu kimoja cha mkanda mapema.

Mzee wa tumbaku hakutoa kiti. Mhasibu alikaa chini, na suruali yake ya kazi, akaanza kupanga majani bila kuambiwa, akayapanga vibaya. Mzee aliyapanga upya. Ugali ukaja. Mhasibu alikula. Ukaja mwingine, akala. Jua lilikuwa limeshageuka ndipo mzee aliposema.

"Siku ile, ni nani alikuja hapa?"

"Ilikuja ofisi, Mzee."

"Ofisi haina miguu, mura. Tuliona wewe."

"Ni kweli," Mhasibu akasema. "Nilikuja mimi. Nilikosa, nisamehe."

Mzee akatikisa kichwa. "Na wewe ng'ombe zako ziko kwa nani?"

"Sina."

"Hata moja? Kwa rafiki yeyote?"

"Pesa zangu ziko benki."

Mzee alimwita mkewe, akamweleza kwa Kikuria. Mama yule alikuja akamtazama Mhasibu kwa huruma kama anayemtazama yatima, akamwongezea ugali wa tatu. "Mtu mzima kabisa," mzee akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "na akipotea hakuna mtu atauliza." Ndipo hasira yao ilipoisha. Ng'ombe walirudi Kehancha si kwa sababu Mhasibu alijitetea vizuri. Walirudi kwa sababu walimhurumia. Habari zikamtangulia boma kwa boma kwamba kuna mtu masikini sana anakuja, alishwe. Siku hizo alikula nyumba nne kwa siku moja, na kati ya nyumba na nyumba alilala kiti cha nyuma, mkanda wazi, akiomba nisizungumze. Kwa Dani alikula kichwa kizima cha mbuta, macho na yote, na Dani akampokea ng'ombe pamoja na ndama wake. Marungu yakarudi chini ya vitanda. Mtambo ulipokuja, ulikuta maziwa.

Wala usidhani aliacha Viwango. Aliketi akaandika utaratibu mpya wa kampuni, kwa lugha kavu isiyo na kosa: "Mthibitishaji atakaa. Mthibitishaji atakula. Mthibitishaji hatauliza, ataonyeshwa." Maodita wa Nairobi walilalamika, kisha wakaukubali, na nasikia sasa wanagombania zamu ya kuja kwetu. Alipostaafu, Mwenyekiti mwenyewe alimswagia mtamba mmoja wa kampuni, wa kumwekesha, mpaka nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, akakaa huko kutwa nzima, akarudi bila kusema walichozungumza.

Siku hizi kiti chake nakikalia mimi. Mwaka jana nilikwenda kwake na odita mpya, mama mwenye adabu lakini mwenye haraka, ambaye alikuwa na maboma mengine ya kumaliza. Njiani nilimsomea utaratibu. Alisema ameelewa. Mhasibu tulimkuta uani kwa kaptura, anatengeneza redio. Amekonda, na shingo bila tai ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri. Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu alishaamkia na kuendelea kwa pumzi moja, "Shikamoo, Mzee, tungependa kumwona ng'ombe wa kampuni, tafadhali."

Mhasibu aliweka redio chini. Alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, na faili lililokuwa kwapani mwangu.

"Mmesikia nini?"

"Hakuna, Mzee. Ni uthibitisho wa kawaida tu," odita akasema.

Akainuka. Alikwenda zizini kwa hatua za mtu wa magoti mabovu, akarudi na kamba, na ng'ombe akimfuata, ananawiri, ngozi inang'aa. Akaiweka kamba mkononi mwangu. Nilitaka kucheka, kwa sababu maneno yote ya utaratibu ule aliyaandika yeye. Kisha akafuta mikono kwenye kaptura, polepole, kidole kwa kidole.

"Mwambie Mwenyekiti nimesikia."

"Mzee, si wewe uliyetufundisha kwamba lazima tuthibitishe?"

"Kiwango nakijua, hilo halinisumbui." Kisha, kwa mara ya kwanza, hakuniita Msaidizi; aliniita binti wa Kisegi, kwa Kidholuo. "Lakini nyar Kisegi, nilipoona gari, nilidhani umekuja kunisalimia."

Nilimpa odita faili, nikamrudishia Mhasibu kamba kwa mikono yangu miwili, nikaketi chini kabla hajanikaribisha.

"Nimekuja kukusalimia," nikamwambia.

Alimrudisha ng'ombe zizini. Kisha akamwita mkewe jikoni, akamwambia aongeze maji ya ugali.